Nani Anaufundisha Ulimi wa Mtoto? Maswali ya Wazazi wa Uganda kuhusu Ladha za Mwanzo na Matangazo ya Vyakula

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwenye foleni ya chanjo, kwenye mikutano ya wazazi shuleni na kwenye vikundi vya akina mama, iwe Kisenyi, Bombo, Arua au Nakivale. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo linapogusa swali jingine, tumetaja namba yake.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: mtoto hupenda alichozoea, na anayemzoesha mapema na mara nyingi ndiye anayeshinda. Wafanyabiashara wamelijua hilo siku nyingi.

## Ladha huanzia wapi

1. Kwa nini karibu kila mtoto anapenda vitu vitamu, hata ambaye hajawahi kuonjeshwa sukari?

Ndivyo alivyozaliwa. Katika miaka ya 1970 mtafiti Jacob Steiner alitazama nyuso za watoto wachanga kabla hata hawajanyonya kwa mara ya kwanza. Tone la maji ya sukari liliwafanya walegeze uso na kulamba midomo; tone chungu liliwafanya wakunje uso na kutoa ulimi nje. Maziwa ya mama ni matamu, na sumu nyingi za mimea ni chungu, kwa hiyo mwili unamlinda mtoto kwa namna yake. Chumvi huanza kuipenda baadaye, karibu na mwezi wa 4.

Kwa hiyo hakuna mtoto anayehitaji kufundishwa sukari. Kinachohitaji mwalimu ni uchungu wa mboga ya nakati, uchachu wa mboga ya malakwang, harufu ya mukene, yaani dagaa. Mama wengi hutia sukari kwenye uji wa mtoto wa miezi 7 "ili aupende". Angeupenda bila sukari, maana hajawahi kuonja uji mwingine. Anayeuona haunogi ni mama mwenyewe.

2. Ni kweli mtoto anaanza kujifunza ladha akiwa tumboni?

Ni kweli. Mtoto humeza majimaji yanayomzunguka tumboni, na harufu ya chakula cha mama huingia humo. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia, walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Kundi moja la akina mama lilikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito, kundi la pili wakati wa kunyonyesha, na kundi la tatu lilikunywa maji tu. Watoto walipofikia umri wa kula walipewa uji wenye ladha ya karoti. Wale walioizoea ladha hiyo mapema, tumboni au kwenye maziwa, walikunja uso mara chache kuliko walipopewa uji wa kawaida.

Ukitaka mfano wa karibu, nenda makazi ya wakimbizi ya Kyaka II ukawatazame watoto wa familia zilizotoka Kongo wakila sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mgeni anayeionja akiwa mtu mzima huhitaji muda kuizoea. Mtoto ambaye mama yake aliila wakati wote wa mimba anaipokea kama chakula cha nyumbani, kwa sababu ndicho.

Kwa mjamzito ushauri ni mwepesi: kula mboga unazotaka mwanao aje kuzila.

3. Kunyonyesha kunabadilisha nini kwenye ladha? Na kama ninatumia maziwa ya kopo?

Maziwa ya mama hubadilika ladha kulingana na alichokula: leo kitunguu saumu, kesho mchuzi wa njugu. Mtoto anazoea mapema kwamba chakula hakifanani kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Maziwa ya kopo yana ladha moja asubuhi na jioni. Mama anayeyatumia kwa sababu za kiafya hajampotezea mwanawe chochote kisichorudi. Ajitahidi tu kumpa vyakula vya aina nyingi mara afikapo miezi 6. Anayeishi na VVU afuate maelekezo ya kliniki yake, wala si ya jirani.

4. Akifikisha miezi 6 nianze na nini?

Anza na kile ambacho nyumba inakula, kilicholainishwa. Hapa Uganda tunacho kitobero, ambacho kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago kimekifundisha kwa miongo mingi. Mama huchukua matoke, au viazi, akaongeza maharage yaliyolowekwa usiku na kumenywa maganda, njugu zilizotwangwa hadi zikawa unga, au unga wa mukene, na majani machache ya dodo, yaani mchicha. Vyote hufungwa pamoja ndani ya jani la mgomba, vikawekwa juu ya sufuria ya chakula cha wakubwa na kuiva kwa mvuke. Vikiiva vinapondwa. Mtoto amepata wanga, protini na mboga bila kuwashiwa moto wa peke yake.

Jambo zuri la kitobero ni kwamba kinabadilika. Jumatatu njugu, Jumanne mayai, Jumatano mukene. Kubadilika huko ndiko kunakomfungua ulimi. Anayepewa matoke matupu kila siku anashiba tumbo, lakini mwili haujengeki. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni mwanzo mzuri pia. Ni vitamu vyenyewe, ni laini, na vina vitamini A kwa wingi. Mtafiti wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya vyakula vilivyoongezewa lishe shambani, na aina kama Kabode na Vita zinalimwa na wakulima wetu.

Asali usimpe kabla ya mwaka 1, na njugu nzima usimpe kabla ya miaka 5, maana zinaweza kumkaba.

5. Nimempa dodo mara tatu, mara zote ametema. Basi hapendi?

Bado hujui. Tafiti za Leann Birch na wengine waliomfuata zinaonyesha kwamba mtoto huhitaji kuonja kitu kipya mara 8 hadi 10, wengine hata 15, ndipo akikubali. Wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara ya tatu au ya nne, wakatangaza kwamba "huyu mboga hali", na tangazo hilo likaishi nyumbani hadi mtoto anaanza shule. Naye amelisikia. Analiamini.

Mpe kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiko, pamoja na kitu anachokipenda. Akitema, futa mdomo, usimgombeze, usimbembeleze. Rudia baada ya siku mbili. Kula na wewe akikuona. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula kigeni. Kipindi hicho kinapita, ila kinapita vizuri zaidi kwa aliyeonjeshwa mengi kabla ya kukifikia.

## Matangazo

6. Mwanangu ana miaka 3, hajui kusoma. Tangazo linamgusaje?

Linamgusa kwa rangi, wimbo na katuni. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford, Marekani, waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 5 chakula kile kile katika vifungashio viwili: kimoja cha mgahawa wa McDonald's, kingine kitupu. Wengi walisema kile cha McDonald's ni kitamu zaidi. Hata karoti, ambazo mgahawa huo haukuwa ukiziuza, zilipata sifa zaidi zilipokaa ndani ya karatasi yake. Watoto hao hawakuwa wakidanganya. Waliionja ile karatasi.

Mtoto wa umri huo hajui kwamba tangazo lina mtu nyuma yake anayetaka kuuza. Kwake ni wimbo tu, sawa na wimbo wa shule. Kumwambia "hayo ni matangazo tu" hakumsaidii, kwa kuwa akili ya kutambua nia ya muuzaji huja baadaye sana, na hata akiwa nayo bado hatakumbuka kuitumia mbele ya pakiti.

7. Sisi hatuna televisheni. Linatuhusu?

Linawahusu sana. Simama mbele ya kiosk yoyote ya Bwaise. Ukuta umepakwa rangi ya kampuni ya soda au ya simu. Jina la duka limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la soda. Pakiti za krispi zinaning'inia kwenye kamba, za chini kabisa zikiwa usawa wa macho ya mtoto, na kopo la peremende liko ukingoni mwa kaunta ambapo mkono mdogo unafika. Peremende inauzwa moja moja kwa sarafu ambayo mtoto anaweza kutumwa nayo. Huo mpangilio wote ni tangazo.

Kuna pia simu ya mama, ambayo mtoto hupewa atulie: kati ya katuni na katuni kuna mtoto mwingine anafungua pakiti za chokoleti. Na kuna michezo. Kwa miaka mingi soka la shule zetu za sekondari lilichezwa kwa jina la Copa Coca-Cola. Vijana walipata viwanja, jezi na ndoto, na hilo tunalikiri kwa moyo mmoja; lakini pia walikua wakiimba jina la kinywaji kila walipofunga bao.

8. Pakiti inasema "ina vitamini", na ina alama ya Q. Si basi ni salama?

Alama ya Q ya shirika la viwango, UNBS, inakuambia kwamba bidhaa imetimiza viwango vilivyowekwa. Ni alama muhimu, itafute. Ila haikuambii kwamba kitu hicho kinamfaa mtoto kila siku. Biskuti inaweza kuwa na alama ya Q, vitamini kumi, na sukari kama peremende.

Geuza pakiti. Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, unanunua kitu kitamu, hata kama mbele kuna picha ya ng'ombe au embe. Na neno "ladha ya embe" halimaanishi kwamba kuna embe ndani.

Chukua mfano wa soda. Nyingi zina gramu 10 hadi 13 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya kawaida ya mililita 300 ina gramu 30 hadi 39: karibu vijiko 8 vya chai au zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mtoto mdogo hiyo ni kama gramu 32. Chupa moja inaweza kumaliza fungu lake la siku nzima.

9. Na uji wa pakiti wa watoto wachanga?

Upo wenye sukari na upo usio nayo, na jina la kampuni halikuhakikishii. Mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaofuatilia vyakula vya watoto wachanga, walichapisha uchunguzi kuhusu Cerelac ya Nestlé. Ile ya ngano ya watoto wa miezi 6 iliyouzwa Ujerumani na Uingereza haikuongezwa sukari. Ile iliyouzwa Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu 5 kwa mlo mmoja. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikiipunguza sukari. Sisi tunaona mtoto wa Addis Ababa hana ulimi tofauti na wa Berlin.

Soma pakiti iliyo mkononi mwako. Uji wa ulezi uliochanganywa na soya au mukene, uliosagwa mashineni mtaani kwako, unatosha.

10. Sheria ya Uganda inasemaje?

Kwa vyakula vya watoto wachanga ipo. Kanuni za mwaka 1997, zilizofuata Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, zinazuia maziwa ya kopo kutangazwa kwa umma na kugawiwa bure kwa akina mama. Ukimwona mtu anagawa makopo kwenye wodi ya wazazi, toa taarifa kwa msimamizi wa kituo.

Kwa soda, peremende na krispi hatuna sheria mahususi ya kuwakinga watoto na matangazo. Inawezekana kuwa nayo. Quebec, Kanada, ilipiga marufuku matangazo ya biashara kwa watoto walio chini ya miaka 13 tangu 1980. Chile, tangu 2016, inalazimisha alama nyeusi mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi au mafuta mengi, na vikaragosi vimeondolewa kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi. Wabunge wetu wanaweza kuulizwa swali hili, na kamati za wazazi ndizo za kuliuliza.

## Nyumbani, dukani, shuleni

11. Analia dukani mbele za watu. Nifanye nini?

Amua kabla hamjatoka nyumbani, na mwambie: "Leo tunanunua sabuni na chumvi." Mlishe kwanza. Akilia, usibadili uamuzi; mtoto aliyepata krispi baada ya kilio cha dakika kumi amejifunza kwamba bei yake ni dakika kumi. Watu watakutazama. Waache watazame.

12. Je, nipige marufuku kabisa soda na biskuti?

Kwa mtoto chini ya miaka 2, ndiyo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema vinywaji vya sukari havifai kabisa umri huo. Kwa mkubwa, kisichokuwepo nyumbani hakihitaji marufuku. Chakula kinachoonekana kabatini lakini kimekatazwa ndicho watoto hukitamani zaidi, na watafiti wamelipima hilo. Soda iwe ya Idi, Krismasi au harusi, inywewe kwa furaha bila hotuba, kisha nyumba irudi kwenye maji.

13. Naweza kumwambia "maliza mboga upate soda"?

Usimwambie hivyo. Umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ni tuzo. Atazidi kuipenda soda na kuichukia mboga. Kumlazimisha amalize sahani nako kunaharibu, kwa kuwa anaacha kusikiliza tumbo lake. Wewe chagua kinachopikwa na saa ya kula. Yeye achague kiasi.

14. Jjajja kila akija analeta peremende. Siwezi kumkatalia mama mkwe.

Usimkatalie, mpe kazi. "Jjajja, mjukuu wako anapenda mafenesi yako kuliko kitu chochote." Bibi anataka mjukuu akimbilie mlangoni anapomwona, na embe, kabalagala za ndizi au senene za Novemba zinaweza kufanya kazi hiyo. Aongee naye mwanawe mwenyewe, yaani baba wa mtoto, na kwa heshima. Isiwe kazi ya mkwe kumrekebisha mzee.

15. Shuleni kuna kantini, na siku ya kuwatembelea bwenini wazazi hushindana kwa masoda. Mzazi mmoja atafanya nini?

Mmoja hafiki mbali. Watatu wanafika. Pelekeni ombi kwenye kamati: kantini iuze mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, njugu na mahindi ya kuchoma, na maji safi yawepo bila kulipiwa. Siku ya kutembelea, mtoto wa bwenini aliyekula posho (ugali) na maharage muhula mzima ana hamu ya chakula cha nyumbani. Mpelekee kuku, matoke na mchuzi wa njugu kwenye hotipoti. Tumeona watoto wakiacha chupa ya soda na kugombea mfuniko wa sufuria.

16. Mboga na matunda ni ghali kuliko biskuti, sivyo?

Kwa tofaa la kutoka nje, ndiyo. Kwa fungu la dodo Kalerwe wakati soko linafunga, hapana. Fuata msimu. Mukene ni samaki wa bei ya chini kuliko wote, na ana madini ya kalsiamu kwa kuwa analiwa na mifupa yake. Mwenye kijishamba cha gunia nyuma ya nyumba anachuma dodo wiki baada ya wiki.

## Mambo ya pembeni

17. Juisi ya nyumbani na chai je?

Tunda zima ni bora kuliko juisi, hata ya pasheni uliyokamua mwenyewe, hasa ukiitia sukari. Kuhusu chai: chai ya rangi pamoja na mlo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mwaka 2016 zaidi ya nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu. Mtoto apewe uji au maji.

18. Mwanangu anatibiwa utapiamlo kwa pakiti za njugu zenye sukari. Hazitamharibu ulimi?

Hizo ni chakula tiba. Ni dawa. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na utamu wake upo ili mtoto asiye na hamu akubali kula. Mpe zote alizoandikiwa, usigawe kwa ndugu zake, usiuze. Akipona na kuanza chakula cha kawaida, rudi kwenye swali la 4 na la 5.

19. Binti yangu ana miaka 13. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila njia ni nyingine. Ladha hubadilika hata ukubwani. Ulimi uliopunguziwa chumvi huzoea ndani ya miezi 2 hadi 3. Kijana hakubali kuambiwa "hii si nzuri kwa afya yako", kwa sababu ugonjwa wa miaka arobaini ijayo haumtishi. Anakubali kwamba hapendi kuchezewa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwaeleza wanafunzi wa darasa la nane huko Texas jinsi kampuni za vyakula zinavyowalenga watoto ili wazidi kununua. Siku iliyofuata wanafunzi hao walichagua vitafunio bora na maji kuliko wenzao waliopewa somo la kawaida la lishe. Keti na binti yako, fungueni tangazo kwenye simu, mwulize: wanakuuzia nini hapa, na kwa nini wamemweka msanii huyu?

20. Kukataa chakula ni ugonjwa wakati gani?

Mpeleke kituo cha afya akipungua uzito, akivimba miguu, akikabwa au kutapika kila anapokula, au akikubali vyakula viwili vitatu tu kwa miezi na kulia kwa hofu akiona vingine. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kupimwa mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi na mhudumu wa VHT, timu ya afya ya kijiji: rangi ya kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea, njano inahitaji uangalizi, nyekundu chini ya 11.5 ni ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo.

Anayekula udongo au mkaa apimwe damu na minyoo. Mara nyingi huyu ndiye pia anayekataa chakula cha mezani. Dawa za minyoo na vitamini A hutolewa bure wakati wa kampeni za Aprili na Oktoba, na kadi yake ya chanjo uwe nayo mkononi.